Jinsi Tulivyounga Picha 80 za Kikonyo cha Mgomba

Wazazi wetu wapenzi, walimu wetu na wanafunzi wenzangu, nimeona vema niwaandikie habari ya kazi moja tuliyoifanya katika maabara ya shule yetu hapa Bukoba. Kazi hiyo ilianza kama somo la Baiolojia, lakini haikukaa darasani. Iliondoka ikafika mpaka kwenye vibanja vyetu vya nyumbani, na kwa sababu hiyo naona inawahusu wazazi kama inavyotuhusu sisi wanafunzi.

Watu wengi hudhani kwamba hadubini humwonyesha mtu kila kitu. Sivyo. Hadubini hutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mkono wa pili. Kadiri inavyokuza kitu, ndivyo inavyopunguza mahali unapoweza kupaona. Hadubini yetu ina lenzi tatu za chini. Ukitumia ile inayokuza mara 4, duara unaloliona lina upana wa milimita 4 na nusu. Ukigeuza ile ya mara 10, duara linabaki milimita 1 na sehemu 8 tu. Ukigeuza ya mara 40, hata nusu ya milimita haifiki. Basi mtu anayetazama kwa lenzi kubwa ni kama mgeni anayetaka kuujua mji wa Bukoba kwa kuchungulia katika tundu la mlango. Ataona jiwe moja la ukuta vizuri sana, lakini mji wenyewe hatauona.

Jambo hili lina taabu yake darasani. Sisi ni wanafunzi 52, na hadubini nzima ni moja. Kila mmoja akiinama juu yake huona sehemu yake, na yule anayefuata, akiigusa slaidi kidogo tu, huona sehemu nyingine kabisa. Mwishowe kila mtu hurudi mezani na kuchora ile picha iliyomo kitabuni, maana hakuna anayeweza kumwambia mwenziwe, "Tazama hapa, si hivyo." Hawakutazama mahali pamoja. Ndipo Mwalimu wetu wa Baiolojia aliposema kwamba yafaa tupate picha moja kubwa, inayoonyesha kitu kizima pamoja na vitu vyake vidogo, tuitundike ukutani, na darasa zima libishane juu ya picha hiyo hiyo moja.

Tukauliza, je, tupige picha ya nini? Jibu halikuwa gumu kwa watu wa Kagera. Tulichagua mgomba.

Wasomaji wa Bukoba na Muleba hawahitaji kuelezwa mgomba ni nini kwetu. Lakini yafaa kukumbusha habari ya adui wake. Mnyauko bakteria wa migomba ulijulikana kwanza kwa wataalamu huko Ethiopia mwaka 1968, katika mmea uitwao ensete, ambao ni ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda. Mwezi wa Januari mwaka 2006 ukathibitishwa Tanzania, na mahali ulipothibitishwa ni wilaya yetu ya Muleba. Mgomba ulioshikwa majani yake hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati wake na ndani huwa na rangi ya kahawia, na ukilikata shina hutoka ute wa manjano kama usaha. Wadudu wanaotembelea ua dume huuchukua ugonjwa huu kutoka mgomba hadi mgomba. Na mwanadamu huuchukua kwa panga lake.

Mwalimu alitukataza kabisa kuleta shuleni kipande cha mgomba kutoka kibanja chenye ugonjwa. Alisema kwamba mtu asieneze maradhi kwa kisingizio cha kuyasoma. Basi tulikata jani moja zima lenye afya kutoka migomba iliyo nyuma ya bweni. Kwa wembe mpya tukakata kipande chembamba mno cha kikonyo, yaani ule mkono unaolibeba jani. Kipande hicho kilikuwa na urefu wa milimita 9 na nusu, na upana usiofika milimita 6. Tukakiweka juu ya slaidi katika tone la maji yenye iodini, tukakifunika kwa kioo chembamba.

Sasa nieleze kazi ya kupiga picha. Tulitumia simu ya mkononi. Mafundi wetu walichonga kipande cha bomba la plastiki kikakaa sawasawa kwenye kioo cha juu cha hadubini, na simu ikafungwa juu yake isitikisike. Meza ya hadubini yetu ina skrubu mbili, moja ya kuisogeza slaidi kulia na kushoto, ya pili ya kuisogeza mbele na nyuma, na kila moja ina vipimo vya sehemu za kumi za milimita. Katika duara la lenzi ya mara 10 tulipata picha ya mstatili yenye upana wa milimita 1 na sehemu 4. Lakini hatukuisogeza slaidi kwa milimita 1 na sehemu 4. Tuliisogeza kwa sehemu 9 za kumi tu, na tulipoanza mstari mpya tuliishusha kwa sehemu 7 za kumi. Hivyo kila picha ilirudia karibu theluthi moja ya picha jirani yake.

Mwenzangu mmoja aliuliza kwa nini tunapoteza nafasi kwa kurudia yale tuliyokwisha kuyapiga. Mwalimu akamwonyesha paa la maabara. Fundi anayeezeka haweki bati moja ubavuni mwa jingine ukingo kwa ukingo. Hulaza bati moja juu ya mgongo wa bati la pili, na sehemu ile iliyolaliana ndiyo inayozuia maji. Hata nyumba zetu za kale za msonge ziliezekwa vivyo hivyo, nyasi za juu zikilalia nyasi za chini, toka kileleni hadi ardhini. Na picha nazo hulaliana. Ile sehemu inayorudiwa ndiyo ushahidi kwamba picha hizi mbili ni majirani kweli. Pasipo kurudia hakuna kinachozifunga, na mtu yeyote anaweza kuzipanga apendavyo.

Tulipiga picha 10 kwa kila mstari, na mistari ilikuwa 8. Jumla ni picha 80. Mstari wa kwanza tulikwenda kulia, wa pili tukarudi kushoto, wa tatu kulia tena, kama mtu anayelima kwa plau ya ng'ombe. Kazi hiyo ilichukua saa mbili na robo, watu watatu wakishirikiana: mmoja akizungusha skrubu, mmoja akigusa simu, na mmoja akiandika katika daftari nambari ya picha na mahali pake.

Kisha tukazihamishia picha zote katika kompyuta ya shule. Programu tuliyoitumia inaitwa Fiji, nayo haiuzwi, kila mtu huruhusiwa kuichukua bure. Imejengwa juu ya programu nyingine iitwayo ImageJ, ambayo Wayne Rasband aliitoa mwaka 1997 alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya taifa ya afya ya Marekani. Ile sehemu ya kuunga picha ilitangazwa mwaka 2009 na Stephan Preibisch na wenzake. Unaiambia programu kwamba picha ni 10 kwa 8, kwamba zimepigwa kwa njia ya nyoka, na kwamba zimelaliana kwa theluthi moja. Halafu yenyewe huanza kupima.

Inapimaje? Nilitaka sana kujua, nami nitajaribu kueleza kama nilivyofahamu. Chukua picha mbili zenye sehemu inayofanana. Programu haitazami mshipa au seli kama tutazamavyo sisi. Huzibadili picha zote mbili kuwa mawimbi, kwa hesabu aliyoianzisha Mfaransa Joseph Fourier. Kitu kikisogezwa pembeni, mawimbi yake hubaki yale yale, ila huchelewa au hutangulia kwa kiasi fulani. Kwa kulinganisha ucheleweshaji huo, kompyuta hujua picha ya pili imesogea nukta ngapi kulia na nukta ngapi chini. Njia hii ilielezwa mwaka 1975 na Kuglin na Hines. Lakini haitoshi kuunga picha ya kwanza na ya pili, kisha ya pili na ya tatu, mpaka mwisho. Kila kiungo kina kosa dogo, na makosa madogo 79 yakifuatana huwa kosa kubwa, kama mtu apimaye shamba kwa kijiti kifupi. Kwa hiyo programu hupima viungo vyote kwanza, vya kulia na kushoto, vya juu na chini, kisha huzipanga picha zote 80 kwa pamoja ili kosa ligawanyike na lisiwe zito mahali pamoja.

Yako mambo matatu ambayo mtu atakayejaribu kazi hii inampasa kuyaangalia. La kwanza ni vumbi. Chembe ya vumbi ikikaa kwenye lenzi itaonekana mahali pale pale katika kila picha, na kompyuta yaweza kuifuata chembe hiyo ikadhani kwamba slaidi haikusogea hata kidogo. La pili ni mwanga. Katikati ya duara huwa na mwanga mwingi kuliko pembeni, na picha zikiungwa hivyo hivyo, ile kubwa huwa na madoa ya mraba kama kitambaa cha drafti. Dawa yake ni kupiga picha moja tupu, pasipo slaidi, kisha kuiambia kompyuta igawanye kila picha kwa ile tupu. La tatu, usiruhusu simu ijibadilishie mwanga yenyewe. Uifunge kwa kipimo kimoja toka picha ya kwanza hadi ya mwisho.

Picha yetu ilipokwisha kuungwa ilikuwa na nukta zaidi ya 13,500 kwa upana na 8,500 kwa urefu, jumla nukta zaidi ya milioni 115. Picha moja moja zilikuwa na nukta milioni 3 tu. Tuliichapa katika karatasi 16 za kawaida, tukazigandisha kwa gundi ya unga wa muhogo. Ikawa na upana wa mita 1 na sentimita 12. Kila milimita moja ya kikonyo ikawa karibu sentimita 12 ukutani. Siku ilipotundikwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walikuja kuitazama wakati wa mapumziko, na mmoja wao akauliza kama ni ramani ya mji. Hakukosea sana. Ramani nyingi za nchi yetu zilitengenezwa kwa njia iliyo jirani na hii. Tangu mwaka 1946 idara ya upimaji ya Waingereza ilitumia picha zilizopigwa kutoka ndege, na kwa desturi ya kazi hiyo kila picha hurudia asilimia 60 ya picha iliyotangulia, ili kila kilima kionekane katika picha mbili na urefu wake upimike.

Na tuliona nini? Tuliona kwamba kikonyo cha mgomba si kitu kizima. Ndani yake mna vyumba vikubwa vya hewa vilivyogawanywa na kuta nyembamba, na ndiyo maana jani kubwa namna ile linabebwa na mkono mwepesi. Karibu na ngozi na ndani ya kuta hizo yametawanyika mafungu ya mishipa, na katika mafungu mengi tuliyoyaona mlikuwa na mshipa mmoja mpana wa maji, mviringo kama mdomo wa chupa. Hatukuyakuta yamepangwa katika duara kama katika shina la maharage. Yalikuwa huku na huku, kama wengi wetu tulivyoandika katika mtihani bila kuyaona kwa macho.

Mwalimu akatutaka tuyahesabu mafungu hayo. Hapo palizuka mabishano makubwa. Kundi la kwanza lilikuwa halikungoja picha kubwa, lilihesabu katika zile picha 80, moja moja, likajumlisha. Likapata 131. Kundi la pili lilihesabu katika picha iliyoungwa, likapata 64. Kundi la kwanza likasema kompyuta imeyapoteza mafungu. Kundi la pili likasema wenzao hawajui kuhesabu. Kumbe wote walihesabu sawasawa. Picha 80 zikijumlishwa zina eneo la milimita za mraba zaidi ya 117, lakini kipande chenyewe hakizidi milimita za mraba 57. Fungu moja lilikuwa limepigwa picha mara mbili, na mengine mara nne. Mtu anayejumlisha vipande bila kujua vinalaliana wapi huhesabu kitu kile kile kila anapokutana nacho.

Hata hiyo 64 haikukaa. Msichana mmoja wa benchi la mbele alisimama muda mrefu mbele ya picha, kisha akasema kwamba katika mstari wa sita yako mafungu mawili yenye jeraha moja. Tukatazama. Kweli, kila moja lilikuwa na mkwaruzo wa wembe, wenye pembe ile ile na urefu ule ule. Basi tukarudi kwenye slaidi yenyewe, na pale palikuwa na fungu moja tu. Mahali hapo palikuwa karibu na chumba kikubwa cha hewa. Ndani ya chumba cha hewa hamna alama yoyote ya kushika, pote ni peupe, na programu ilipokosa alama ilizipanga picha mbili kwa kubahatisha, fungu moja likaonekana mara mbili. Na picha ile ilikuwa nzuri, haina mshono wowote wa kuonekana! Tukapiga upya sehemu hiyo, safari hii picha zikilaliana kwa nusu, tukaunga tena. Ikawa 63.

Nilisimulia habari hii kwa mtaalamu wa maabara katika kituo kimoja cha afya, naye akacheka, akasema jambo hilo ndilo la kwanza kufundishwa kazini kwao. Anaposoma damu kutafuta vijidudu vya malaria, naye huisogeza slaidi kwa njia ya nyoka, lakini kwa nia iliyo kinyume cha yetu. Sisi tulitaka kila duara lirudie jirani yake ili tuweze kuziunga picha. Yeye hataki duara lolote lirudiwe, maana hesabu yake huandikwa pale pale. Huhesabu vijidudu mpaka afikishe chembe nyeupe za damu 200, na asipoona kitu hasemi "hakuna" mpaka awe ametazama maduara 100 ya damu nzito. Nilipomsikia nilifahamu kwamba neno hilo "hakuna" juu ya karatasi ya mgonjwa lina kazi kubwa nyuma yake.

Ziwa letu nalo lina historia ndefu ya hadubini. Mwaka 1897 na 1898 madaktari wa Kijerumani walichunguza tauni ya Kiziba. Mwaka 1906 Robert Koch alikuja katika visiwa vya Sese upande wa Uganda, akitafuta vijidudu vya malale katika damu za watu. Baadaye Wajerumani wakafungua kambi ya wagonjwa wa malale huko Kigarama katika Kiziba. Dawa ya atoxyl aliyoijaribu Koch iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Nalitaja hili ili wenzangu wafahamu kwamba kuona kijidudu katika kioo na kumponya mtu ni mambo mawili tofauti, na kati yake ipo safari ndefu.

Sasa nije kwenye kibanja. Nyumbani kwetu ni Muleba, kwa bibi yangu mzaa baba. Mnyauko ulikuwa umekula pembe moja ya kibanja chake, mashina manane, karibu na njia wanayopita majirani. Maafisa wa kilimo walikwisha kumweleza kwamba panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua dume nalo livunjwe kwa kijiti chenye panda, lisikatwe kwa kisu. Bibi aliyasikia, lakini hakuyakubali yote. Panga likiingia motoni huharibika makali, nalo ni mali ya fedha. Tena alikuwa na hoja. Yeye hakati mashina ovyo. Hukata jani bichi moja moja tu, la kufunikia ndizi chunguni, na jani si mgomba.

Likizo ilipofika nikachukua nakala ya picha ile, iliyochapwa katika karatasi moja. Nikapiga goti nikamwamkia, tukaongea habari za shule, kisha nikamwonyesha. Nitayaandika maneno yetu kwa Kiswahili, ingawa tulisema Kihaya.

"Hiki ni nini, mjukuu wangu? Mzinga wa nyuki?"

"Hapana, Bibi. Ni kikonyo cha jani la mgomba. Hivi ndivyo kinavyokuwa pale panga linapopita."

Akaishika karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Na haya matundu?"

"Ni mishipa ya maji, Bibi. Tumehesabu mafungu 63. Na hiki ni kipande kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kikonyo kizima kina mengi zaidi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo sijalisikia kwa mwanafunzi yeyote darasani: "Na ugonjwa wenyewe uko wapi katika picha hii?"

Nikamwambia kweli, kwamba haumo. Jani lile lilikuwa zima. Na hata kama lingekuwa gonjwa, bakteria mmoja ana urefu wa kama sehemu 2 za elfu za milimita. Katika picha yetu angekuwa nukta 3 tu, wala lenzi ya mara 10 isingeweza kumtenga na uchafu. Hata katika ile kubwa ya ukutani angekuwa robo ya milimita, kama chembe ya vumbi la unga. Lakini mdomo wa mshipa unaonekana wazi, nao ni mpana kwake kama mlango wa nyumba kwa sisimizi.

"Basi," akasema, "nilikuwa nikidhani nakata jani. Kumbe nafungua milango, halafu napeleka panga lile lile kwa jirani yake."

Nikamweleza neno moja zaidi ambalo tulijifunza. Shina la mgomba tunaloliona si shina la kweli, ni maganda ya majani yaliyokumbatiana. Kikonyo cha jani ni mwendelezo wa ganda lake, na ganda huteremka mpaka kwenye tunguu lililo ardhini, ambako machipukizi yote ya shina lile yameshikamana. Kwa hiyo jani halikai mbali na mgomba hata kidogo.

Bibi hakuchoma panga lake jipya. Alikwenda nyuma ya jiko akatoa la zamani, lenye mpini uliopasuka, akasema hilo ndilo litakalokwenda motoni, na kwamba tangu siku ile jani la kufunikia ndizi halikatwi kwa panga lingine. Akaongeza sharti ambalo maafisa hawakulitaja: jirani yeyote anayekuja kusaidia kibanjani aache panga lake mlangoni, atumie la nyumba. Sisi wajukuu tulichonga vijiti vyenye panda, tukavunja maua dume yote yaliyofikia wakati, kuanzia upande wa chini wa kibanja hadi uani. Tulimaliza jua linapozama. Ile pembe ya mashina manane alikwisha kuing'oa zamani, naye amepanda maharage hapo.

Picha kubwa ipo bado katika ukuta wa maabara yetu. Wazazi mtakaokuja siku ya kufunga shule mnakaribishwa kuitazama. Mtakuta duara jekundu katika mstari wa sita, mahali palipoungwa upya, maana Mwalimu hakutaka alama hiyo ifutwe. Wanafunzi wa shule nyingine wanaotaka kuifanya kazi hii waanze na kitu kidogo, ngozi ya kitunguu au jani la mbuni, picha 6 au 9 tu. Walaze picha kwa theluthi, wasafishe lenzi, na waihifadhi slaidi yao mahali salama mpaka hesabu ikubaliwe na wote.

Na wewe mwenzangu unayerudi nyumbani likizo hii, Muleba, Kamachumu, Kanyigo au kwingineko, kabla hujamkatia mama jani la kufunikia chungu, kwanza ulipitishe panga motoni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano, PCB